Kadi Haijatoka

Alikuja Ijumaa, saa kumi na dakika arubaini,
theluji imemganda mabegani kama chumvi,
viatu vya turubai, soksi za gereza bado miguuni,
na karatasi moja iliyokunjwa mara nne.
Lavonte Biddle. Umri, kumi na tisa.
Dawa ya kifafa: asubuhi kimoja, usiku kimoja.

Nikaandika jina lake kwenye kompyuta.
Ikafikiri. Ikaleta neno moja:
imefungwa.

Nikamwambia, bima yako imefungwa.
Akacheka, kicheko kisichofika machoni.
"Mimi ndiye niliyefungwa. Nimefunguliwa Ijumaa iliyopita.
Nilitia saini, wakanirudishia mkanda
na simu iliyokufa chaji.
Sasa hiyo kadi, yenyewe ilikosa nini?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mpanga chupa tu
katika duka la Bi Halina, mtaa wa Lagrange, Toledo,
mji uliokula jasho la viwanda vya vioo;
na kati yangu na yule kijana palikuwa na kioo,
pumzi yake ikichora ukungu juu yake,
ukafutika,
ikachora tena.

"Kule ndani," alisema, "muuguzi hakukosa hata siku.
Alfajiri, kidonge na kikombe cha karatasi.
Fungua mdomo. Inua ulimi. Nionyeshe.
Kule nilikuwa mgonjwa wa serikali.
Huku nje mimi ni mgonjwa wa nani?"

Siku ya kutoka walimpa vya wiki moja, kumi na vinne.
Akavikata kwa ukucha ili vivute siku.
Akafungua kikaratasi cha fedha mbele yangu:
nusu tatu, na unga.
"Bibi yangu Earlene analala mlangoni mwa chumba changu
na kijiko chini ya mto.
Nimemwambia kijiko hakifai. Hasikii."

Nikapiga simu. Kinanda.
Kinanda.
Sauti ya mashine: tunathamini subira yako.
Subira huvuta heri, sawa,
lakini kifafa nacho huvuta,
na mkono wake hauna huruma.
Kinanda.

Mwishowe mtu, mwanamke mwenye mafua.
"Kumbukumbu zangu zinasema huyo bado yuko ndani.
Gereza halijaleta fomu. Wakileta, siku thelathini,
pengine arubaini na tano. Na Jumatatu ni sikukuu."
Lavonte akainama hadi kwenye tundu la kioo:
"Mama, niko hapa. Nisikie ninavyopumua."
Akapumua kweli, kwa nguvu, mara mbili.
Kimya. Kamasi zikavutwa upande wa pili.
"Mimi nakuamini, mwanangu.
Kompyuta ndiyo haiamini."

Bei ya taslimu: dola themanini na sita.
Alikuwa na kumi na moja, na tiketi ya basi la kurudi.

Bi Halina, ambaye muda wote alijifanya anapanga risiti,
akaniondoa kitini kwa kiwiko.
Akamimina kwenye sinia la bluu,
akasukuma kwa kijiti, viwili, viwili, viwili.
"Siku tatu," alisema. "Zaidi ya hapo leseni yangu hainiruhusu.
Kisha urudi. Tutagombana nao tena."
Hakutabasamu. Yeye hatabasamu Januari.

Kijana akatoa kimoja, kizima,
akakitazama kama mtu aliyesahau umbo lake,
akameza pale pale, bila maji.
Halafu, mikono nyuma, hakuna aliyemwamuru,
akafungua mdomo,
akainua ulimi,
akatuonyesha.

"Hapana," alisema Bi Halina, "hapa si lazima."

Alikuwa bado ameufungua.
Nikageukia rafu, nikazipanga upya chupa zilizokwisha pangwa.
Vimebaki vitano.